Soksi za Eligio na Msimu wa Nyuki

"Usiziguse!" Eligio alifoka, akauvuta mguu kama mtoto anayekimbia sindano. "Deya, nimekwambia usiziguse."

"Sizigusi. Naangalia tu."

"Unaangalia kwa mikono?"

Deyanira alikuwa amepiga magoti sakafuni, beseni la maji ya uvuguvugu pembeni, taulo begani. Tangu mumewe aambiwe ana kisukari, kila jioni alimwosha miguu. Nesi wa zahanati hakuzunguka: miguu ya huyu imekufa ganzi, hata akikanyaga msumari hatajua, kwa hiyo wewe mama ndiye utakayejua kwa niaba yake. Ioshe, ikaushe, ichungulie hadi katikati ya vidole. Naye akaishika kazi hiyo bila kukosa. Nisikudanganye kwamba ilikuwa kwa mahaba. Wawili hao, tangu binti yao Yokasta ahamie New York, walikuwa wamebaki na maneno mawili matatu tu ya kuambiana: chakula tayari, funga mlango, zima taa. Lakini miguu aliiosha.

Sasa miguu hiyo ilikuwa ndani ya soksi za njano zenye mistari myeusi, zawadi ya Yokasta, na soksi hazikutakiwa kuvuliwa kwa sababu Nyuki walikuwa wanashinda.

Wewe usiyezaliwa hapa Puerto Jobo utacheka. Cheka tu. Ila ujue kwanza kwamba timu yetu ya besiboli, Nyuki, ilikuwa ya mwisho kila mwaka. Sisemi karibu na mwisho, nasema ya mwisho kabisa. Mashabiki wa timu za mji mkuu hawakutuita Nyuki, walituita Nzi, na walikuwa na haki. Tulikuwa na desturi ya kuizika timu kila msimu ukiisha, pale barazani kwa Fello mwenye duka. Tunatengeneza jeneza la katoni kwa maboksi ya sabuni, tunalaza kofia ya timu ndani, tunawasha mishumaa, tunakunywa chai ya tangawizi kama kwenye msiba wa kweli, na wanawake wanalia kwa vichekesho. Mwaka hadi mwaka mazishi hayo yalikuja kabla hata hatujamchoma nguruwe wa Krismasi. Na bingwa wa kulia alikuwa Deyanira. Alikuwa hapendi besiboli hata kidogo, lakini akilia yeye, watu wazima walishika mbavu.

Mwaka huu mchezo wa kwanza ulimkuta Eligio hana soksi nyingine kavu, mvua ilikuwa imenyesha siku nzima. Akavaa zile za njano. Nyuki wakashinda. Mchezo wa pili akazivaa kwa makusudi, wakashinda tena. Basi, habari ikawa imekwisha kuandikwa. Soksi hazifuliwi. Kila mtu kwa Fello alikuwa na lake: Fello mwenyewe hakuhamisha televisheni juu ya friji hata ilipoanza kuonyesha chenga, na Kiko, yule mpiga domino mwenye mdomo mrefu, alisimama kaipa televisheni mgongo kila mrushaji wetu aliposhika mpira. Lakini soksi ndizo zilizokuwa mama yao wote.

"Nazivua kidogo tu, nakuosha, nakurudishia hizo hizo," Deyanira alisema siku ile, na Eligio, akiwa na usingizi wa mchana, akamwachia.

Jioni Nyuki walichapwa kumi na moja bila.

*

"Nani kafanya nini?" Fello aliuliza, mikono kiunoni. "Semeni. Kuna mtu kabadilisha kitu hapa."

Watu wakajikagua. Kofia zile zile, viti vile vile. Deyanira alikuwa ameleta birika la kahawa, amesimama mlangoni.

"Mimi nimemwosha miguu mchana," alisema.

"Umemwosha nini?" Kiko akageuka.

"Miguu. Soksi sikuzifua, naapa. Nilimvalisha hizo hizo."

"Mama weee! Deya umetuchinja! Umetuchinja hadharani!"

Baraza zima likacheka. Ilikuwa utani, ndiyo, lakini utani wenye meno. Kahawa yake haikunywewa. Kiti alichozoea kukalia alikikalia mtu mwingine, na hakuna aliyemsogezea kingine. Alisimama pale birika mkononi mpaka kahawa ikapoa, tena watu wazima wenye akili zao wakipita karibu yake na kujifanya wanatema mate kuondoa mkosi. Eligio hakumtetea. Alitazama soksi zake tu.

Deyanira akarudi nyumbani, akamwaga kahawa, akalitundika beseni kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. "Haya," alimwambia mumewe aliporudi. "Miguu ni yako. Sitaki tena kuitwa mchinjaji."

"Mpaka msimu uishe tu, Deya. Siyo mbali."

"Nani kasema siyo mbali? Si mnaniambia safari hii mnafika mbali?"

"Tutafika," Eligio akacheka, akajifanyia ishara ya msalaba. "Bikira Maria akipenda."

Siku iliyofuata Nyuki walishinda.

*

Sasa niseme jambo ambalo watu hulisahau wanapoisimulia habari hii. Ulikuwa msimu mtamu. Mtamu mno. Hatukuwa na wachezaji wakubwa. Kituo cha kwanza alikuwepo mzee mmoja aliyefukuzwa na timu tatu, magoti yakimlia kila anapoinama. Mrushaji wetu alikuwa kijana wa mkono wa kushoto aliyekuwa akiuza maji ya nazi mwaka uliopita. Lakini walicheza huku wanacheka, na sisi tukacheka nao. Hata tuliposhindwa tulishindwa vizuri.

Na ndani ya nyumba ya Eligio kukaingia kitu ambacho hakikuwamo kwa miaka. Eligio akirudi kutoka kazini, maana alikuwa dereva wa bodaboda, anaegesha pikipiki na kuita toka uani: "Asali! Tunacheza saa ngapi leo?" Asali. Jina hilo alikuwa hajamwita tangu Yokasta yuko tumboni. Deyanira, ambaye hakujua tofauti ya gongo la kupigia mpira na mchi, akaanza kujua kila kitu: nani anaogopa mpira wa chini, nani anachelewa kukimbia, kocha akijikuna sikio anamaanisha nini. Siku yule mzee wa kituo cha kwanza alipoupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, Eligio alimnyanyua mkewe jikoni wakacheza merengue na mwiko mkononi, wali ukaungua, wakaula hivyo hivyo.

"Mtu akituona," Deyanira alisema huku anahema.

"Atuone."

Muulize mwanamke yeyote aliyekaa miaka na mtu asiyeongea. Atakwambia hilo lina thamani gani.

*

Karibu na Krismasi, mchezo ukiwa zamu ya tano, Kiko alikunja pua.

"Jamani, kuna panya kafa nyuma ya friji?"

"Friji langu ni safi kuliko wewe," Fello akajibu.

Kiko akanusa huku na huku kama mbwa, akafika kwenye kiti cha Eligio, akasimama wima, mkono kifuani. "Simameni! Vueni kofia! Hiyo ni harufu ya ushindi!"

Baraza likaangua kicheko, na Eligio mwenyewe akanyoosha mguu ili kila mtu apate sehemu yake. Deyanira alicheka pia. Alikuwa ameiosha miguu ile muda mrefu, jasho lake alilijua. Lile halikuwa jasho.

Nyumbani alisubiri mpaka mumewe akae. "Eligio, mguu unanuka."

"Ni soksi."

"Siyo soksi. Mguu wa kulia. Na kiatu hakikuingii, umekikata kisigino ukadhani sijaona."

"Joto la pikipiki hilo."

"Hebu nione tu. Dakika moja."

Eligio alimtazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. "Asali," alisema, "tumeingia nne bora. Sisi! Unakumbuka mara ya mwisho lini? Baba yangu alikufa hajaona. Ukinivua leo kesho tukafungwa, mimi nitaangalia watu na uso gani? Wewe utaangalia watu na uso gani?"

Deyanira akakumbuka birika la kahawa iliyopoa. Lakini acha niseme kweli yote: si watu tu aliowaogopa. Aliogopa kimya. Aliogopa Nyuki wakifungwa, mtu huyu atafunga mlango, atazima taa, na jina la Asali halitasikika tena mpaka mmoja wao azikwe. Kwa hiyo aliinuka kutoka pale chini, akachukua ndoo na dawa ya kunukia, akadeki nyumba nzima. Kesho yake pia. Alideki kila siku mpaka fainali.

*

Mchezo wa mwisho wa fainali ulichezwa Jumapili alasiri. Asubuhi yake Eligio aliamka anatetemeka, midomo imekauka, macho mekundu.

"Tunakwenda hospitali," Deyanira alisema.

"Baada ya mchezo."

"Sasa hivi, Eligio!"

"Deya, nakuomba." Alimshika mkono, na kiganja chake kilikuwa kinachoma. "Sijawahi kukuomba kitu. Mchezo mmoja. Ukiisha, nipeleke hata jela."

Deyanira akamvalisha shati la njano. Akamwinua. Akampeleka mwenyewe barazani kwa Fello, kwa mkono wake, akamkalisha kwenye kiti chake, watu wakashangilia soksi zilipoingia.

Tulifungwa kwa mkimbio mmoja, pointi moja tu. Zamu ya tisa, ya mwisho, mtu wetu yuko kituo cha tatu, mpira ukapigwa, akakimbia, akajitupa kifudifudi kwenye kituo cha nyumbani, vumbi likatimka. Mwamuzi akanyanyua ngumi: ametoka. Kisha likatokea jambo ambalo sijawahi kuliona hapa kwetu. Watu walipiga makofi. Wanawake walitoka na masufuria, wakayagonga kwa vijiko, watoto wakakimbia mtaani na bendera za njano kana kwamba tumeshinda.

"Jamani," Eligio alisema, meno yakigongana, uso umejaa tabasamu, "tumefika hadi pale sisi! Sisi!"

Akataka kusimama apige makofi na wenzake. Mguu ukakataa. Alianguka ubavu, kiti juu yake, na tulipomwinua tukaona soksi ya kulia imelowa, imekuwa nyeusi.

*

Daktari aliyempokea alikuwa binti mdogo tu. Alichukua mkasi, akaanza kuikata soksi kuanzia juu, polepole, maana ilikuwa imegandamana na ngozi.

"Mama, hii kaivaa tangu lini?"

Deyanira alitazama ukuta.

"Mama, nahitaji kujua. Tangu lini?"

"Tangu tuanze kushinda," alisema.

Mkasi ukasimama. Binti yule alikuwa mtu wa Puerto Jobo. Kwenye kamba ya kitambulisho chake shingoni kulikuwa na nyuki mdogo wa plastiki. Deyanira alimwona yule nyuki, akasubiri kugombezwa. Alitaka kugombezwa. Angeitwa mjinga, mshenzi, muuaji, angepata pa kujishikiza.

"Mimi nilikuwa nalala na kofia," daktari alisema kwa sauti ndogo, kisha akaendelea kukata.

Chini ya kidole gumba kulikuwa na msumari mdogo, wa kiatu, umezama hadi kichwani. Pangeoshwa ungeonekana siku ile ile.

Walimkata mguu juu ya goti.

*

Mazishi ya timu yaliahirishwa kumsubiri Eligio. Hilo tulilifanya kwa upendo, usitufikirie vibaya. Alipotoka hospitali kijana mmoja alikuja kuuliza kama pikipiki inauzwa. Eligio akajifanya amelala, na Deyanira akajibu, "Bado," akafunga mlango. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Fello na Kiko walikuja kumchukua na kiti cha magurudumu cha kuazima parokiani.

"Siendi," Deyanira alisema.

"Huendi vipi?" Eligio aliuliza. "Mwaka tuliofika fainali ndio ukose kulia? Chukua ile soksi iliyobaki. Wameiomba."

Baraza lilikuwa limejaa. Jeneza la mwaka huo lilikuwa zuri, limepakwa rangi ya njano, na mishumaa ilikuwa ya kweli. Tulikaa na vikombe vya tangawizi na jibini na biskuti, tukaanza kukumbushana.

"Mnakumbuka siku ya mvua?" Fello alisema. "Yule mzee wa kituo cha kwanza alivyoteleza kwa tumbo akaudaka mpira kwa kidevu?"

"Halafu akakataa kuinuka! Akasema mniletee chakula hapa hapa!"

"Na muuza nazi alipowanyamazisha wale wa mji mkuu. Shemeji yangu yuko kule, hajanipigia simu mpaka leo."

"Simu gani, na wewe ulimpigia ukavuma zzzz mpaka salio likaisha?"

"Hata tungechukua kombe," mtu mmoja alisema, "nisingefurahi zaidi ya hivi."

"Nami hivyo hivyo," Eligio aliitikia kutoka kwenye kiti chake, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini. "Kweli tupu."

Kiko, ambaye alikuwa amekwisha kunywa ramu kidogo, akaruka juu ya kreti. "Sasa soksi! Soksi ziingie kaburini kwa heshima zote! Zote mbili!"

Kiko akashika mdomo.

"Moja imetangulia," Eligio alisema.

Loo, tulicheka! Tulicheka kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe, kwa sababu alikuwa ametuokoa. Kisha macho yote yakamgeukia Deyanira. Alisimama, akaitoa ile soksi ya kushoto kwenye mfuko wa plastiki wa hospitali, akailaza jenezani juu ya kofia. Akajifunika kitambaa kichwani kama afanyavyo kila mwaka, watu wakaanza kuguna kwa kicheko kabla hajafungua mdomo.

"Uuuwi, Nyuki wangu!" alianza. "Uuuwi, wapenzi wangu wenye manyoya!"

"Haya, Deya! Lia mama!"

"Miaka yote nimewalilia bila chozi! Mkija mnakufa, mkija mnakufa! Leo mmekuja mmeishi, na kuishi kwenu mmekula mguu wa mtu!"

Watu wakapiga mapaja. Mmoja alimwagikiwa na chai.

"Na aliyewapa ni mimi! Nilinusa! Nilijua ule si uvundo wa soksi, nilijua tangu kabla ya Krismasi! Nikadeki! Nikachukua ndoo nikadeki, ili aniite Asali siku moja zaidi! Msumari mdogo hivi! Mdogo hivi, na beseni liko mlangoni!"

Kicheko kilikufa kwa mafungu, kwanza wanawake, halafu waliokaa mbele, mwisho wale wa nyuma waliokuwa hawasikii vizuri. Deyanira alikuwa ameshika ukingo wa jeneza la katoni, likabonyea mikononi mwake, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya soksi. Fello alitazama chini. Kila mmoja wetu alikuwa anaikumbuka kahawa ambayo hakuinywa.

Ndipo tukasikia makofi. Eligio alikuwa anapiga makofi, peke yake, kichwa kimerudi nyuma, anacheka kwa sauti kubwa, machozi yakimwingia masikioni.

"Huyo ndiye mke wangu!" alipaza sauti. "Mmeona? Nchi nzima hii hakuna anayelia kama yeye! Mpigieni makofi! Mbona mmekaa? Mpigieni mke wangu makofi!"

Tukampigia. Tufanyeje? Tulisimama wote tukapiga makofi mpaka mikono ikauma, na Deyanira akakaa chini sakafuni, uso umefichwa kwenye goti la mumewe lililobaki.

*

Nyumbani, jua likiwa bado halijazama, Deyanira alilitoa beseni kwenye msumari. Buibui alikuwa amejenga ndani. Akalisugua, akatia maji, akaongeza ya moto, akapima kwa kiwiko. Akapiga magoti mbele ya kiti, taulo begani.

Mkono wake ulikwenda upande wa kulia kwanza, kwa mazoea, ukakuta hewa. Ukabaki pale.

"Huku, Asali," Eligio alisema.

Akauosha wa kushoto. Kisigino, wayo, katikati ya vidole, kila kimoja, akaukausha, akauchungulia kwenye mwanga wa dirisha, akauosha tena. Nje watoto walikuwa wanapiga mpira wa matambara kwa fimbo ya ufagio, wanabishana nani awe Nyuki.

"Ulikuwa msimu mzuri, Deya," Eligio alisema mwishowe. "Usinikatalie hilo."

Alitaka kumkatalia. Alifungua kinywa amkatalie.

"Ulikuwa mzuri," alisema, akaendelea kuukausha mguu ambao ulikuwa umekauka zamani.